Siku Niliyofundisha "Unbend" Vibaya

Nilikuwa nafundisha Kiingereza kidato cha tatu, kwenye shule ya kata iliyo kati ya Misigiri na Kiomboi. Hadi leo nikikumbuka kipindi kile cha Jumanne, mate yananijaa mdomoni kama mtu anayetaka kutapika.

Tulikuwa tunasoma habari ya hakimu mmoja mzee, mkali, aliyealikwa harusini. Mwishoni mwandishi anasema watoto walimzunguka, na mzee yule akaanza "to unbend". Binti mmoja wa dawati la mbele, mpole, asiyezoea kusemasema, akanyoosha mkono.

"Madam, unbend maana yake nini?"

Sikujua. Ningeweza kusema sijui, ngoja nikatafute. Badala yake nikaliandika neno ubaoni na kulikata vipande viwili. Bend ni kupinda, un ni kinyume chake. "Kwa hiyo ni kunyooka," nikasema. "Hakimu alikuwa ameinama, akanyooka."

Binti akarudi kwenye kitabu, akasoma tena kwa kidole. "Lakini Madam, hapa anavua koti na kucheka na watoto. Kama amenyooka tu, kicheko kimetoka wapi?"

Darasa likacheka. Hawakunicheka mimi, lakini uso uliniwaka. "Kaa chini. Nimeshasema ni kunyooka."

Kelele zile zikamleta mwalimu wa nidhamu, aliyekuwa anapita barazani. Alikuwa mtu wa makamo, na fimbo yake ilikaa kwapani kutwa nzima, imeng'aa kwa jasho.

"Nani anakusumbua, Madam?"

Sikutaja jina. Macho yangu tu yalimwendea yule binti, na mwalimu akayafuata.

"Simama. Mnabishania nini?"

"Unbend, Sir."

"Maana yake?"

"Madam amesema kunyooka."

"Basi leo utanyooka."

Alimchapa viganjani. Binti alipouficha mkono tumboni, mwalimu aliushika kifundo na kuuvuta nje, akaendelea. Alikuwa anahemea mdomo wazi, povu jeupe limekusanyika kwenye pembe za midomo, na tone la jasho lake likadondoka kwenye daftari la mtoto, likafifisha wino. Mimi nilisimama pale pale na chaki mkononi.

Saa ya chai tulikuwa na viazi vitamu vya kuchemsha. Mwalimu wa nidhamu alimenya chake kwa mkono uleule wa fimbo, bila kunawa, akawa anasimulia na kinywa kimejaa: "Nimemnyoosha! Alikuwa anajikunja kama jongoo!" Akaiga jinsi binti alivyoficha mkono. Walimu wakacheka. Na mimi nikatoa meno. Hicho ndicho kinachonitia kinyaa kuliko povu na jasho: kwamba nilitoa meno.

Nilipofika nyumbani jioni nililitafuta neno lile kwenye kamusi ya simu. Kweli lilikuwa na maana ya kunyoosha kilichopinda. Lakini chini yake kulikuwa na maana nyingine: mtu mkali au mwenye makuu kulegeza ukali wake, akakaa na wenzake kwa raha. Chini zaidi wakaeleza asili. Zamani bend ilikuwa kufunga ugwe kwenye upinde. Ukifungwa, mti unapinda. Ku-unbend ni kuuvua ule ugwe. Mti unanyooka kwa sababu umepumzishwa.

Kitu hicho nilikijua tangu utotoni. Mjomba wangu kule Sekenke alikuwa na upinde nyuma ya mlango, na akitoka porini alikuwa anavua ugwe hata kabla ya kuomba maji ya kunywa. Niliwahi kumuuliza kwa nini. "Nikiuacha umevutwa, unazoea kupinda," alisema. "Unakosa nguvu."

Hakimu wa kitabuni alinyooka namna hiyo. Sisi tukisema tumemnyoosha mtu, tunamaanisha tumemkomesha, tumemfunga mdomo. Nilikuwa nimechukua neno la kupumzisha, nikamkabidhi mtu mwenye fimbo.

Kesho yake niliingia darasani nikafuta maana ya jana mbele yao. "Niliwadanganya. Sikuijua, nikaona aibu kusema." Nikaeleza upinde, nikauchora, kisha nikamgeukia binti. Vidole vilikuwa vimevimba, kalamu ameishika kwa ncha za vidole.

"Kwa hiyo swali langu lilikuwa sawa, Madam?"

"Lilikuwa sawa. Naomba unisamehe."

"Sawa, Madam." Aliitamka kama mtoto anavyomjibu mtu mzima kwa sababu hana jibu jingine. Akainama, akaendelea kuandika.

Mwalimu wa nidhamu nilimkuta ofisini. "Kwenye kipindi changu usiingie tena na fimbo," nikamwambia.

Akajifuta mdomo kwa kiganja. "Si ulikuwepo? Mbona hukusema kitu?"

Alikuwa na haki ya kuuliza, na kukubaliana na mdomo ule kulinichefua upya. Nilikwenda kwa mkuu wa shule, nikamweleza yote, pamoja na jinsi macho yangu yalivyomwelekeza kwa binti. Mama yule alinisikiliza, akamwita mwalimu wa nidhamu, wakaongea mlango umefungwa. Tangu hapo aliliruka darasa langu. Kwenye madarasa mengine fimbo iliendelea kusikika, na sisi tukaendelea kunywa chai.

Yule binti hakuuliza swali tena muhula ule mzima. Nikimuuliza mimi alijibu, kwa kifupi na kwa usahihi, huku akiutazama mlango.