CD Isiyouliza

Laiti ningemwambia hapana siku ile, pale mlangoni mwa duka langu Kitengela. Aliyesimama mbele yangu alikuwa mwuzaji wa kompyuta za mitumba, mtu mcheshi mwenye sauti ya mnadani, na alichokitaka kilionekana kidogo. Alitaka niondoe swali moja.

"Mzee, toa hiyo swali," alisema. "Watu wanafika hapo wanasimama kama ng'ombe imeona daraja. Halafu wananipigia mimi simu."

"Ni swali ya maana," nikamwambia.

"Ya maana kwa nani? Mashine zangu ziko tupu. Hakuna kitu ya kufuta. Ukitoa, kila mashine nitauza kuanzia Ngong mpaka Namanga itaenda na CD yako."

Nililiondoa kabla chai yangu haijapoa.

Nieleze CD yenyewe ilikuwa nini. Zamani nilikuwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja upande wa Athi River. Miaka ya tisini ikielekea kuisha walitupunguza kazini, nami nikanunua kompyuta kuukuu chache na kufungua saiba, duka la watu kulipia kutumia mtandao. Elimu yangu ni ya kidato cha nne, na mambo ya kompyuta niliyapata kwa kusoma na kuharibu. Katika kusoma huko nikakutana na programu huria, zile ambazo watengenezaji wake humruhusu mtu yeyote azichukue, azibadilishe na azigawe. Nikaweka seva, yaani kompyuta moja nyuma ya pazia iliyozigawia nyingine mtandao na kuwatunzia watu mafaili na barua pepe zao. Walioiona wakataka ya kwao. Lakini kuisakinisha kulikuwa kazi ya kutwa nzima, ukijibu maswali ya Kiingereza kigumu, na watu wengi huku Kiswahili chenyewe ni lugha yao ya pili. Basi nikatengeneza CD yangu. Niliandika programu iliyojibu karibu maswali yote kwa niaba ya mtu, na machache yaliyobaki nikayatafsiri. Watengenezaji wa ile seva hawakunituma kufanya hivyo, wala hawakunijua.

Swali aliloniomba mwuzaji niliondoe lilikuwa hili: "Kila kitu kilichomo kwenye diski hii kitafutwa. Unakubali?" Mtu alipaswa kuandika NDIYO, herufi zote, ndipo kazi iendelee. Baada ya siku ile mtu hakuandika chochote. Aliiweka CD, akawasha, na mashine ikafuta kila kitu kimya kimya na kuanza kujenga upya.

Mashine za mwuzaji zilikuwa tupu kweli. Lakini CD ni kitu cha kunakiliwa. Mtu alipewa pamoja na mashine mpya, akaona inafanya kazi, akampa jirani, na jirani akaiweka kwenye kompyuta yake ya siku zote. Jambo hilo lilikuwa wazi. Mimi sikutaka kuliona, kwa sababu jina langu lilikuwa linasafiri na nilipenda kulisikia.

Wa kwanza kulalamika alikuwa mfanyabiashara mmoja mwenye duka la jumla pale mjini, Mwislamu kutoka kaskazini mashariki, mtu mpole ambaye nilizoea kununua kwake sukari. CD ilikuwa imefuta hesabu zote za bidhaa zake. Alikuja mwenyewe, akaiweka CD juu ya meza yangu, akasimama bila kukaa.

"Mzee, sisi hata mbuzi tukichinja, tunataja jina la Mungu kwanza," alisema. "Hii kitu yako inachinja kimya."

Saiba ilikuwa imejaa vijana. Nikamwambia arudi kuuza ngamia, kwamba ngamia hahitaji seva. Vijana walicheka sana. Yeye aliitazama ile CD kidogo, akaiacha mezani, akatoka. Hakunidai chochote. Sukari nikaanza kuinunua kwingine, kwa sababu sikuweza kumtazama usoni.

Nilidhani nitaona aibu zaidi kwa wa pili, lakini ilikuwa kinyume. Mchungaji mmoja wa Matasia alinipigia simu akiwa karibu kulia. Mahubiri yake yote ya miaka mingi yalikuwa yamekwenda. Nikamwambia asihofu, Mungu ana kopi. Mwuzaji alikuwa ameketi kando yangu, akacheka mpaka akamwaga soda. Tangu siku hiyo ukawa mchezo wetu. Mwenye duka la mbegu kule Kimana alipopiga, mwuzaji alimwigiza siku nzima, ile sauti yake ya kuuliza, "Sasa hii ndio imeenda kabisa, ama itarudi kesho?" Tulikuwa tunamngojea mwingine apige. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Halafu wakaniandikia watengenezaji wa ile seva, watu wa ng'ambo ambao sikuwahi kuwaona. Waliandika kwa adabu. Walisema watu wa nchi yangu wanawajia na vilio ambavyo wao hawavielewi, na walipochunguza wakaikuta CD yangu. Swali lile, walisema, waliliweka kwa makusudi baada ya wao wenyewe kuwaumiza watu. Waliniomba nilirudishe, au, kama sitaki, niondoe jina la programu yao kwenye jalada.

Kulirudisha kulikuwa kazi ya dakika chache. Nikaondoa jina lao. Nikaweka jina nililolibuni mwenyewe, nikachapisha majalada mapya yenye rangi ya kijani, na mwuzaji akayasifu.

Sasa nifike kwa ndugu yangu.

Tulizaliwa wawili kwa mama yetu, mimi na yeye, na yeye ndiye mdogo. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi nje kidogo ya mji wa Kajiado. Tangu alipoanza kazi alikuwa akikusanya maneno ya Kimaa, lugha yetu Wamaasai, na kuyaeleza kwa Kiswahili: majina ya rangi za ng'ombe, ya magonjwa, ya nyasi, maneno ambayo wazee wanayo na watoto wa shule hawana. Mwanzoni aliandika kwenye madaftari. Mchwa walipoyala baadhi, aliyaingiza yaliyobaki kwenye kompyuta kuukuu ya chumba cha walimu, na kuanzia hapo akawa anawaleta wazee mpaka pale. Wanakaa kwenye benchi, wanasema, yeye anachapa. Mama yetu alikaa kwenye benchi hilo likizo moja baada ya nyingine, mpaka alipofariki. Ndugu yangu alisema nusu ya maneno ya maziwa na ya uzazi ni yake.

Mimi nilimdhihaki kwa kazi ile. Nilimwita waziri wa majina ya ng'ombe. Alikuwa anacheka tu.

Siku moja alikuja Kitengela. Shule yao ilikuwa imepewa kompyuta kadhaa, naye alitaka ile kuukuu iwe seva, ili watoto wakae kwenye nyingine na kuyasoma maneno.

"Sopa, ndugu yangu," alinisalimia kwa Kimaa, akaketi. "Nimesikia hiyo CD yako hata mtoto anaweza kuweka."

"Hata wewe," nikamjibu.

"Nilitaka uje uweke mwenyewe. Kompyuta ndiyo iko na kazi yangu yote. Sitaki kuharibu."

Mwuzaji alikuwepo. Pamoja naye alikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya bweni upande wa Kimuka, ambaye alikuwa karibu kukubali kuchukua mashine nyingi pamoja na CD zangu. Alikuwa anatusikiliza. Nilijua maneno ya kumwambia ndugu yangu. Nilipaswa kusema, usiiweke kwenye hiyo mashine, inafuta. Lakini nikiyasema, yule mwalimu mkuu angeyasikia.

"Kwani una wasiwasi gani?" mwuzaji akamwuliza kwa uchangamfu. "Hii ni ya ndugu yako. Angekupa kitu mbaya?"

Ndugu yangu akanitazama. "Iko sawa?"

"Weka, washa, kaa kando," nikamwambia. Hayo ndiyo maneno niliyokuwa nikiwaambia wateja.

Nilikusudia kumpigia simu jioni. Jioni tukaenda na mwalimu mkuu kula nyama, na pale mezani nilikumbuka mara mbili, nikaona nitapiga kesho. Kesho yake asubuhi alipiga yeye.

"Imemaliza," alisema. "Imeandika seva iko tayari. Sasa kazi yangu imeiweka wapi?"

Nilitoka nje ya duka, simu sikioni.

"Ndugu yangu, kazi yangu iko wapi? Nimetafuta kila mahali."

Ningeweza kusema lolote. Mdomo wangu ulikuwa umezoea. Nikamwambia, "Si ungeweka kopi?"

Alikuwa na nakala kwenye flopi, diski ndogo za kuchomeka, lakini zilikuwa za zamani na vumbi lilikuwa limeziharibu. Nilipanda gari siku hiyo hiyo mpaka Kajiado. Nilijaribu kila nililolijua, na nililipa fundi mmoja wa Nairobi ajaribu anayoyajua yeye. Vilitoka vipande: nusu ya neno, alama zisizosomeka, kisha neno zima moja la ugonjwa wa ndama. Seva yangu ilikuwa imekaa juu ya mengine yote. Ndugu yangu alikuwa amekaa kwenye lile benchi la wazee, mikono magotini.

"Ulijua inafuta?" akauliza.

"Nilijua."

"Tulipokuwa dukani ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukanyamaza kwa sababu ya yule mteja wako."

Nikamwambia ndiyo.

Hakupaza sauti. Alisema, "Ungenipiga na rungu ningeelewa." Kisha akaniomba nitoke, kwa sababu watoto walikuwa wanakaribia kuingia na hakutaka wanione.

Sikuwahi kusikia tena sauti yake ikinisemesha. Nilituma watu, nilituma kondoo, nilikwenda mwenyewe na wazee wa rika langu. Kondoo alirudishwa. Wazee walipewa chai, nami nikapewa chai, lakini alizungumza nao tu, kana kwamba kigoda changu hakina mtu. Mmoja alipomuuliza kwa nini asianze upya, alisema waliompa maneno, wengi wako chini ya udongo, na yeye hana mama mwingine. Hakuandika tena hata neno moja. Mkewe aliniambia kwamba jioni alikuwa anakaa nje akitazama tu ng'ombe wakiingia, na ukimuuliza rangi ya yule au huyu inaitwaje, anasema amesahau.

CD niliacha kuigawa. Mwuzaji alikuwa na nakala, akaendelea nayo bila mimi mpaka mtindo wa mashine ulipobadilika.

Ndugu yangu alifariki ukikaribia mwaka wa elfu mbili na kumi, kwa ugonjwa wa sukari. Kwetu kaka mkubwa huongea mazishini. Kwenye karatasi ya ratiba walikuwa wameandika wanawe, walimu wenzake, jirani, chifu. Nilimwuliza mwanawe mkubwa kama wamenisahau. Alinijibu kwa heshima, akiwa ameinamisha kichwa mbele yangu kama mtoto anavyomwinamishia baba mkubwa: "Hapana, baba. Yeye mwenyewe ndiye alisema."

Nilisimama nyuma, pamoja na watu waliokodishwa kuleta viti.

Kumkubalia mwuzaji yule kulinigharimu ndugu yangu, wa pekee niliyekuwa naye. Kulimgharimu yeye kazi ya maisha yake. Na maneno ambayo mama yetu alikaa kwenye benchi akayasema, mimi sikuwahi kuyauliza, na sasa hakuna mtu aliyebaki anayeyajua.