Somo la Viti vya Dirishani

Nakumbuka siku moja ya vumbi pale Kitengela, miaka ya tisini, nikiwa kidato cha tatu, mwalimu wetu wa historia alipoingia darasani bila kitabu. Tulimwita Madam Nekesa. Alikuwa ametoka Bungoma, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito. Kabla yake, mwanangu, historia kwetu ilikuwa kukariri miaka tu.

Tulikuwa tumefika mahali Wazungu walipowahamisha Wamaasai kwa mkataba kutoka malisho yao ya Bonde la Ufa, kisha wakawahamisha tena. Akatuambia sisi tuliokaa dirishani tuhamie nyuma, chini ya mabati yaliyochoma kuanzia saa nne, na wa nyuma waje dirishani. "Mtakaa huko milele," akasema. "Tumekubaliana." Tukacheka. Siku chache baadaye akatusogeza tena, tukabanana kwenye kona. Kicheko kikaisha.

Ijumaa akasema somo limekwisha, kila mtu arudi kwake. Kule dirishani hakuna aliyesimama.

"Madam, si ulitupatia?" akauliza Kamau, kijana mpole ambaye sikuwahi kumsikia akibishana na mtu.

"Nilikuwa nafundisha, Kamau."

"Lakini sisi tushazoea huku."

Madam akaketi. Nadhani hata yeye hakulitarajia hilo. Mwalimu mwingine angechukua kiboko. Yeye alitugeukia sisi wa kona, akauliza kama tuna la kusema. Tulikuwa na hasira, nayo ilitufunga midomo. Ndipo Naserian, msichana niliyekaa naye, akasimama. Macho yake hayakuwa mazuri, na mtihani ulikuwa unaanza Jumatatu.

"Mimi sioni ubao," akasema. "Tangu nihamishwe sijaandika kitu. Sikusema, juu hakuna mtu aliniuliza."

Kamau aliinama kidogo. Kisha akachukua vitabu vyake, akaenda kumbebea Naserian vyake hadi dirishani. Wengine wakafuata, mmoja mmoja. Wawili hawakutoka mpaka shule ilipofungwa, na Madam hakuwalazimisha. Alituambia tu, "Mkiandika insha ya historia hii, msiwasahau hao wawili."

Mwanangu, tangu siku hizo nimeishi Kajiado hii nikiona mashamba yakikatwakatwa na nyua zikiota kila upande. Sikwambii umchukie mtu. Kamau hakuwa mtu mbaya. Ninachokwambia ni hiki: ukijikuta mahali pazuri, uliza nani alikuwa hapo kabla yako, na sasa yuko wapi. Ukiwa wewe ndiye uliyesogezwa, sema mapema, usingoje kuulizwa. Na historia usiisome kama habari za wafu, maana walioifanya walikuwa watu wa kawaida, na wengi wao walikuwa wapole.

Enkai, Mungu wetu, akupe ujasiri wa kuuliza na masikio ya kusikia jibu. Akupe pa kukaa, na majirani watakaofurahi kwamba uko hapo.