Mama wa Njia ya Juu Kisiwani Lwenge

Sisimulii niliyoambiwa. Haya yalinipata mimi mwenyewe, asubuhi, nikiwa na akili zangu timamu. Usiponiamini sitakulaumu; ningeyasikia kwa mwingine, hata mimi ningecheka.

Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Samuye. Nilipokuwa kazini Chato nilitumwa kuchanja watoto visiwani, na kimoja ni Lwenge, kisiwa kidogo cha upande wa kaskazini. Kusini kuna mwalo, wavuvi wanakoegesha mitumbwi, na vichanja vya kuanikia dagaa. Kaskazini, ng'ambo ya mgongo wa mawe, kuna kitongoji cha nyumba chache. Njia ya kwenda huko ilipita chini ya genge, kandokando ya maji.

Siku hiyo nilitoka mwaloni peke yangu na kisanduku cha chanjo. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Nilipolikaribia genge, ukungu ukashuka, nikawa sioni hata miguu yangu. Ndipo nikamkuta mwanamke amesimama katikati ya njia, mbeleko mgongoni. Akaniambia nisipite chini, nimfuate juu.

Aliongea Kizinza. Mimi ni Msukuma, Kizinza sikijui hadi leo. Lakini Mungu ni shahidi, nilielewa kila neno.

Tukapanda, ukungu ukaanza kupungua. Akawa ananitajia kila mahali kama anayenikabidhi shamba: hapa wahunzi waliyeyusha chuma, hapa palikuwa na migomba ya baba mkwe wake, hapa watu walikusanywa siku walipohamishwa kwa sababu ya ugonjwa wa malale, wakapakiwa kwenye mitumbwi. Mimi niliona nini? Mawe na nyasi tu. Kila baada ya hatua chache aliikaza ile mbeleko. Nikachungulia nimwone mtoto. Haikuwa na kitu.

Penye mawe mawili yaliyoegemeana akasimama.

"Mimi nilibaki hapa. Homa haikuniruhusu kushuka," akasema. "Mwambie mwanangu Misana nilimpa dada yangu ambebe. Sikumtupa."

Hapo hapo nikasikia mngurumo chini yetu. Genge lilikuwa limeporomoka, limeifunika njia yote hadi majini. Nilipogeuka nimwambie asante, nilikuwa peke yangu.

Kitongojini nilimuulizia Misana. Wakanipeleka kwa mzee aliyekuwa akishona nyavu, mtu wa zaidi ya miaka themanini. Alilelewa na mama yake mdogo huko bara, Buseresere, na utotoni wenzake walimcheka kuwa mama yake alimtupa. Alirudi kisiwani akiwa mtu mzima. Nikamweleza yote. Akaweka wavu chini.

"Mbeleko ilikuwa tupu?" akaniuliza.

"Tupu, baba."

Akalia, kisha akanishika mikono yote miwili. Kesho yake tulipanda naye pole pole hadi kwenye mawe yale, familia yake ikasali rozari.

Mzee Misana sasa amezikwa penye mawe yale yale. Mimi nilihamishiwa Shinyanga, lakini kila mwaka narudi Lwenge. Wajukuu zake hunizunguka niwatajie majina ya mahali pao, mimi Msukuma, mgeni, maana hakuna mwingine anayeyajua. Wanangu wawili nimewazaa baada ya genge lile kuanguka. Nikiwatazama wakila, namshukuru yule mama.

Basi nakuonya. Ukiwa mahali usipopajua, na mtu akakuambia usipite hapa, usianze kumuuliza yeye ni nani. Geuka kwanza.