Bibi Mwenye Rangi ya Mdomo

Mimi si mtu wa kutoka. Nashona nguo chumbani kwangu, hapa Berea, mtaa wa wahamiaji kusini mwa Afrika, na dunia hunijia kupitia simu niliyoiegemeza kwenye cherehani. Ndivyo nilivyokutana na mwandishi mmoja wa kike wa tamthilia za Kijapani. Alikuwa karani. Akawa anaandika akitoka kazini, akashinda shindano la waandishi wapya, akapewa kipindi kifupi cha televisheni, kisha tamthilia ndefu, kisha sinema. Nchi nzima ikalia.

Kumbe njia yenyewe nyoofu! Kidato cha nne ninacho, machozi pia. Shindano sikuliona, ila jirani yangu Mkongo, mpiga picha za harusi, alikuwa anatafuta hadithi ya sinema fupi. Nikaomba kuiandika. Nilitaka watu walie, halafu jina langu lipite kwenye kioo.

Nikaandika: kijana kapoteza kazi, bibi aliyemlea anataka kumfukuza. Kijana anapiga magoti: "Bibi, usinitupe. Wewe ndiye uliyenibeba mgongoni. Wewe ndiye uliyenitafunia nyama kabla sijaota meno." Hapo nililia mwenyewe, nikashona mkono wa gauni la mteja ukaziba kabisa.

Siku ya kupiga picha nikajikokota hadi bustani ya Joubert Park. Nikamkuta msichana mbichi, wigi hadi kiunoni, anajipaka rangi ya mdomo.

"Bibi yuko wapi?" nikauliza.

"Si huyu, yaya!" jirani akajibu; kwao yaya ni dada mkubwa. "Nilitafuta muzuri kabisa."

"Huyu? Bibi ni mama yake mama!"

"Ile njo koko! Bibi njo mwanamke mwenye umeoa. Juu ya nini hukuandika koko?"

Eish. Kwetu Kigoma bibi ana mvi. Kwao Bukavu bibi ni mke, na mwenye mvi ndiye koko.

"Na ile nyama ya kutafuniwa hamkushangaa?"

"Tulishangaa, yaya. Tukasema njo Kiswahili ya kweli ya Tanzania, tukaheshimu."

Nusu ya sinema ilikuwa imeshapigwa. Kamera ikawashwa tena, kijana mwigizaji akapiga magoti, akamkumbatia mrembo miguu na kulia kwa uchungu kamili: "Ulinitafunia nyama kabla sijaota meno!" Wapita njia wakaangua kicheko. Mlinzi aliyekuja kutufukuza akajishika mbavu, akasahau kazi yake.

"Yaya, we ni fundi wa vichekesho," jirani akasema, anajifuta macho. "Lakini kama unataka, nitatafuta koko, turudilie yote. Sema tu."

Nikamfikiria yule Mjapani. Katika mahojiano yake hakugusia popote kuandika msiba ukatoka harusi. Nikawatazama wale watu: mama mmoja muuza mahindi alikuwa amekaa chini, machozi yanamtiririka hadi kidevuni. Mimi niliomba machozi. Sikusema ya aina gani.

"Acha hivyo hivyo."

"Sharp, sawa. Na jina lako, niweke ama niache?"

"Weka," nikasema. "Ila mwanzoni, kabla hawajaanza kucheka."