Polishi kwenye Visigino vya Susu

Msichana wa saluni alinitazama miguu kabla ya kunitazama uso. Ilikuwa Februari, pale mjini Wote, jua kali, na mpwa wangu ndiye aliyenikokota hadi kwenye kile kiti chenye beseni chini yake, kwa sababu kesho yake kulikuwa na harusi na mimi nilikuwa nimenunua sandali. "Anti, huwezi kutoa vidole nje hivyo tu," aliniambia. "Lazima miguu ifanyiwe kazi kwanza." Haya, nikakaa. Kando yangu walikuwa wanawake watatu na mwanamume mmoja mwenye kitambi, wote wamenyoosha miguu kama wagonjwa, wanasuguliwa visigino na watoto wa watu huku wao wakibonyeza simu. Sijui ni lini tuligeuka kuwa watu wa kuchekesha hivi. Miguu isiyokanyaga kitu ila zulia na pedeli ya gari, inakwanguliwa, inapakwa mafuta ya parachichi, inapigwa rangi, eti ndiyo sasa iruhusiwe kuonwa na jua.

Lakini msichana alipomimina maji ya vuguvugu, ile harufu ya sabuni na maji moto ikanirudisha mbali, rafiki yangu, hadi Nunguni nilikokulia, kwenye kanisa letu la udongo lenye mabati yaliyolia kila mvua ikinyesha.

Miaka ya sabini ilikuwa imeanza tu, nami nilikuwa darasa la sita. Niliishi na nyanya yangu, ambaye kwa Kikamba tunamwita susu. Kuamka kwangu kulikuwa ni mchi. Susu alitwanga mahindi ya muthokoi kungali baridi, akayapeta maganda yaruke, na kufikia saa nne yalikuwa jikoni yanatokota na mbaazi, na harufu yake ilishuka nayo mlima hadi kule bondeni nilikoteka maji. Sijawahi kula kitu kitamu kama yale muthokoi ya jana yaliyochemshwa tena asubuhi, yakashika chini kidogo. Siku hizi yanauzwa kwenye pakiti. Nimeyaonja. Bora ningetafuna hiyo pakiti.

Na miguu ya susu sasa. Alivaa akala, viatu vya tairi alivyokatiwa na fundi wa sokoni, na ungemsikia anakuja toka mbali, pwata, pwata, pwata. Visigino vyake vilikuwa na magaga ambayo punje ya hindi ingeingia na kukaa. Nasema ingeingia kwa sababu mimi niliijaribu, siku moja akiwa amelala mchana. Hakuamka. Ndani ya magaga kulikuwa na udongo mwekundu wa milima yetu, na ule haukutoka kwa maji ya kawaida. Ulikuwa umehamia.

Magaga hayo hakuyapata kwa uvivu. Kila Jumatatu na Jumatano wanawake wa kijiji walitoka kwa mwethya, ile kazi ya pamoja, leo kwako kesho kwangu, wakichimba mitaro ya fanya juu, ile ya kutupa udongo upande wa juu wa shamba, ili mvua isitupeleke sisi na mashamba yetu huko chini. Susu ndiye aliyeanzisha nyimbo, na ndiye aliyekuwa wa mwisho kuweka jembe chini. Shule niliyosoma ilijengwa hivyo hivyo. Udongo wa kuta zake ulikanyagwa na miguu ile.

Ndipo akaja mke wa mwalimu mkuu. Alitoka huko mjini na sandali nyeupe zenye mkanda mwembamba, na vidole vimepangwa nje kama vitu vya kuuzwa. Kijiji kizima kilipigwa na butwaa. Kila Jumamosi aliwakusanya akina mama kuwafundisha usafi, na kwa mtu aliyekuja kufundisha usafi, alikuwa na somo moja tu: miguu. Mwanamke asivae kiatu cha wazi kabla ya kuloweka miguu, kuisugua kwa jiwe, kuikwangua kwa wembe na kuipaka mafuta. Kucha kupakwa rangi nyekundu ilikuwa dhambi. Rangi isiyo na rangi haikuwa dhambi, na alikuwa nayo. Akina mama wale wale waliokuwa wakimbeba mgonjwa kwa machela hadi hospitali walianza kukaa vikundi vikundi wakilinganisha visigino. Nilikuwa mtoto lakini niliona ni upuuzi. Jambo la aibu ni kwamba pia niliona ni uzuri.

Sasa kanisa letu lilikuwa na desturi yake. Kila baada ya miezi mitatu, kabla ya Meza ya Bwana, watu walioshana miguu. Wanaume upande wao, wanawake upande wao, beseni na taulo, unapiga magoti, unamwosha mwenzako, halafu naye anakuosha. Kabla mke wa mwalimu hajaja, watu walifika na miguu yao ya kila siku na maji yalimwagwa mekundu. Baada ya masomo yake, wanawake walianza kusugua miguu nyumbani tangu Ijumaa, ili Jumapili mwenzako asikute uchafu. Hebu niambie. Ni kama mtu anayeosha vyombo vizuri, akavipanguza, halafu akawaita wageni waje waone akiviosha. Susu peke yake ndiye aliyekataa. Alioga kama watu wote, lakini jiwe hakushika. "Nikienda nimeshaoshwa," alisema, "huyo mwenzangu nitampa kazi gani?"

Ikatangazwa kwamba mchungaji mkubwa angetutembelea siku ya Meza iliyofuata, na kwamba jozi ya kwanza mbele ya wageni ingekuwa mke wa mwalimu na mwanamke mzee kuliko wote. Huyo alikuwa susu. Nilikuwa nimesimama kando yao mke wa mwalimu alipomshika susu mkono na kumwambia kwa sauti ya asali, "Mama, utaitengeneza miguu kidogo, sawa? Tusiaibike." Susu akacheka, akasema sawa, akaenda zake. Nilimjua. Asingetengeneza chochote.

Mimi sikulala vizuri wiki hiyo. Darasani walikuwa wameshanitungia jina, Mjukuu wa Tairi, na niliona wazi jinsi siku hiyo ingekwisha. Ijumaa ilikuwa zamu yangu kupiga viatu vya mwalimu mkuu rangi, maana wanafunzi ndio tuliofanya kazi za nyumbani kwake na hakuna aliyeuliza. Kiatu kimoja cha kahawia kilikuwa kimepasuka kisiginoni. Nilipaka polishi, nikasugua, ufa ukapotea kabisa. Nikakitazama kile kiatu kwa muda. Kisha nikachota donge la polishi kwa kidole, nikalifunga kwa jani la mgomba, nikaenda nalo nyumbani ndani ya daftari.

Jumapili asubuhi nikapiga magoti mbele ya susu.

"Ni nini hii inanuka hivi?" aliuliza.

"Ni mafuta ya miguu. Mke wa mwalimu amekutumia."

Alifikiri kidogo. "Kama ni yeye ametoa, basi paka. Asije akasema nimekataa zawadi yake."

Nilipaka kwa bidii, rafiki yangu. Nilijaza kila ufa, nikasugua kwa kitambaa mpaka visigino vikang'aa. Susu alivitazama, akasema vinafanana na vya mtu mwingine, akavaa akala zake.

Kanisa lilijaa hadi nje, na sisi watoto tulisimama dirishani. Mke wa mwalimu alipiga magoti vizuri, akatandaza rinda lake, akauweka mguu wa kulia wa susu ndani ya beseni. Maji yalikuwa ya moto. Kwanza yalibadilika kama chai, halafu kama chai ya rangi, halafu yakafanya mafuta juu yake, na mikono ya mke wa mwalimu ikawa kahawia hadi viwikoni. Akainusa. Harufu ya viatu vya mume wake angeikosaje?

"Mama," akasema kwa sauti ambayo hata sisi wa dirishani tuliisikia, "umejipaka polishi ya viatu?"

Kanisa lilicheka. Wazee wa kanisa walicheka, na yule mchungaji mgeni akafunika mdomo kwa Biblia. Hata jirani yetu, aliyechimba mitaro pamoja na susu miaka yote, na ambaye magaga yake yalikuwa pacha wa haya, alicheka mpaka akafuta machozi. Nimeishi kuona watu wengi wa kudharauliwa, wengine wana vyeo, lakini bado sijaona kundi duni kama lile lililokaa kwenye mabenchi siku hiyo.

Susu aligeuza kichwa taratibu hadi dirishani. Alinitafuta, akanipata. Mimi nilijua kwamba ningeweza kusema neno moja tu, kwamba ni mimi. Lakini polishi ilikuwa ya wizi, mwenye polishi alikuwa ameketi mbele, na fimbo yake niliijua. Nikainamisha macho.

"Ndiyo," susu akasema. "Nimejipaka. Niliona inafaa viatu, nikafikiri itafaa na miguu."

Wakacheka tena. Mke wa mwalimu akasimama, akaomba maji mengine ya kunawa, akasema wageni wasicheleweshwe. Mguu wa kushoto wa susu haukuoshwa. Lakini susu hakuondoka. Zamu yake ilikuwa imefika; beseni la maji safi likaletwa, na akapiga magoti pale pale kwenye maji yaliyomwagika, akamvua mke wa mwalimu zile sandali nyeupe, akamwosha mguu mmoja, akamwosha wa pili, katikati ya vidole, polepole, kama anavyooshwa mtoto. Akaikausha. Akamvisha sandali. Kisha akachukua akala zake mkononi, akatoka nje peku, mguu mmoja umeoshwa na mwingine unang'aa.

Nilimfuata nyuma hadi kijito cha chini ya shule. Akakaa juu ya jiwe, akauosha ule wa kushoto mwenyewe kwa mchanga. Ilichukua muda mrefu. Nilisimama pale na sikujua mikono yangu niiweke wapi.

"Maji ya yule mama yalibaki meupe," alisema mwishowe. "Ungeweza kupikia." Halafu akiendelea kusugua, "Ungeniambia ni polishi ningekataa tu. Singekupiga."

Hakulitaja tena. Jioni alinipakulia muthokoi yale ya chini yaliyoshika, niliyoyapenda. Nami nikayala.

Nilipopata kazi ya kupiga chapa ofisini Nairobi, nilirudi likizo na chupa ya losheni ya miguu. Nilimwambia akae nimwoshe. Alivuta miguu yake chini ya shuka, akacheka yale macheko ya meno mawili. "Wewe uliniosha zamani kwa polishi," alisema. "Inatosha." Chupa ile niliikuta juu ya kabati tulipokwenda kumzika, haijafunguliwa.

Kanisa la udongo lilibomolewa. Lililopo lina vigae, na kuoshana miguu kuliondolewa. Walisema kunachelewesha ibada. Mitaro mingine imefukiwa na trekta. Akala sasa zinashonewa shanga na kuuzwa kwa watalii, na wanaozivaa, bila shaka, hutengeneza miguu kwanza.

"Mum, wewe hata huna magaga," msichana wa saluni aliniambia, akishangaa. "Miguu laini hivi. Umeitunza." Sikuitunza. Niliiweka chini ya meza ya ofisi miaka thelathini, basi. Aliisugua hivyo hivyo, kwa kuwa ndiyo kazi yake, akaikausha kwa taulo kidole kwa kidole, kisha akauliza nataka rangi gani. Mimi nilikuwa nimeinama natazama beseni. Maji yalikuwa meupe vile vile alivyoyamimina, ungeweza kupikia.