Mheshimiwa na Njia Tano Kichwani Kwangu

Siku ile naikumbuka kwa kichwa, mwanangu, maana kichwa ndicho kilichoumia. Usinitazame hivyo. Najua sina mvi hata moja na shule niliishia la saba, lakini wewe umeshuka basi juzi, mimi nina miaka sita nanyoa watu hapa Umbilo Road, Durban. Hapa mimi ni mzee. Na asubuhi nimekusikia unavyomtania Mama Furaha. Kaa.

Tulikuwa watatu dukani humu humu. Mimi na mashine yangu, Mama Furaha wa Bukavu anasuka, na Papa Kasongo pale kwenye kona anatengeneza simu. Mwenye jengo akasema mwisho wa mwezi tutoke, anataka kupageuza stoo. Eish! Tukakubaliana mmoja aende kumbembeleza kwa niaba ya wote. Nikajua ni mimi tu. Nani mwingine ana mdomo kama huu?

"Juma, mdomo iko," Mama Furaha akasema. "Lakini sisi hatukuamini. Hata kidogo."

Nikasema moyoni, huo ni wivu. Nikamlalamikia Mheshimiwa nikiwa namnyoa.

Mheshimiwa alikuwa mteja wangu wa kila Jumamosi, mzungu wa miaka themanini na kitu, nywele zake ungezihesabu kabla chai haijapoa. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Ujanani alikuja Tanganyika kulima kahawa, kwenye shamba ambalo serikali ya mkoloni ilimpa kama mtu anavyogawa sahani ya jirani. Bendera ilipobadilika, wenzake wakafunga mizigo. Yeye akachukua uraia, akagombea ubunge, akashinda. Uzeeni akamfuata binti yake huku Durban.

"Ulishindaje, Mheshimiwa? Uliwatishia na mbwa?"

"Mbwa ndiye aliyekaribia kuniangusha."

Akanieleza. Siku ya kwanza ya kuomba kura alipanda juu ya pikapu yake, akahutubia. Hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja mjane akamwambia, "Bwana, tumekusikia miaka kumi. Leo shuka, ukae, utusikie sisi. Na ukijibu, tunaanza upya."

Wakamgeuzia ndoo, akaikalia. Wakaanza kumweleza: seng'enge yake ilifunga njia ya mtoni. Mbwa wake aliuma watoto. Mbuzi aliyeingia kwenye kahawa hakurudi kwao tena. Akajibu mara mbili, wakaanza upya mara mbili. Alipoinuka, ng'ombe walisharudi kutoka malishoni na makalio yake yana alama ya ndoo. Kesho yake akabeba plaizi, akaikata seng'enge mwenyewe, yule mjane kasimama anamwelekeza. Hotuba yake ya kwanza bungeni ilihusu njia za kwenda mtoni, na wabunge wenzake walicheka mpaka wakapiga meza.

"Basi na wewe kaa," akaniambia. Akainuka kwenye kiti, akavua kitambaa shingoni, akanifunga mimi.

Mama Furaha akachukua mashine. "Mimi sina siku nzima kama yule mama. Ukijibu, napitisha."

Nikacheka. Nikakaa.

"Nilipaka nywele nyekundu," akaanza, "ukaniita robot, ile taa ya barabarani. Wateja wakawa wanasimama mlangoni, wanauliza kama imeshawaka kijani. Bibi harusi mmoja akaona aibu, akaenda kusukwa Overport."

"Mama, ulikuwa utani tu..."

Zzzz! Njia moja, kutoka kwenye paji mpaka kisogoni.

Papa Kasongo akasogea. "Ulisema simu nikiitengeneza, inaenda kufia nyumbani kama mgonjwa aliyeruhusiwa. Niko na watoto wanne, Juma."

"Si hata wewe ulicheka?"

Zzzz!

"Na mimi," Mheshimiwa akasema, "uliniita mkoloni mbele ya watu."

"Si ndivyo ulivyokuwa?"

Zzzz!

"Ni kweli kabisa," akasema Mheshimiwa. "Lakini umejibu."

Njia ya nne niliipata kwa kusema sijajibu. Ya tano kwa kuuliza zimefika ngapi.

Hapo nikafunga mdomo, na ndipo nikamsikia Mama Furaha. Yule bibi harusi alikuwa binti wa dada yake. Tangu mtoto anatambaa, alikuwa anangoja siku ya kumsuka. Nilikuwa na jibu, mwanangu, tena zuri, la kuchekesha. Nikalimeza. Mashine ikanguruma juu ya sikio langu, ikangoja, ikazimwa.

"Nenda wewe," akasema. "Lakini bila kofia."

Mwenye jengo aliponiona tu akauliza nani kanifanya hivi. Nikainamisha kichwa, nikamwonyesha kwa kidole. Hii ya katikati ni ya mama anayesuka, na kisa chake hiki. Hii ya pembeni ni ya fundi simu, ana watoto wanne. Nikamaliza njia zote. Alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akauliza hao watoto wanasoma wapi. Stoo akaitafutia mahali pengine. Ndiyo maana leo umepata kiti cha kukalia.

Mheshimiwa ameshapumzika. Nilimnyoa mpaka Jumamosi yake ya mwisho.

Mwanangu, mdomo unao, nimeuona, sharp. Ila kabla hujataka kuwasemea watu, waache kwanza wakwambie ulivyowaumiza, na unyamaze mpaka wamalize. Mungu akupe wateja wasio na haraka. Akupe masikio makubwa kuliko yangu. Na nywele zako ziote upesi, maana Mama Furaha huyo anakuja, na mashine ameshaiwasha.