Siku Eliza Alipotujibia Kutoka Wodini

Nyie mliosoma Kilolo miaka ile ya sweta zilizotoboka viwikoni, ukungu ule mtakuwa hamjausahau. Unatoka nyumbani asubuhi umebeba kuni ya shule kichwani, mwenzako aliye mbele humwoni, unamsikia tu anakohoa. Tulicheza rede mpaka vumbi jekundu likatuganda miguuni, tukala makande yaliyolala, tukajipaka mafuta ya kupikia ili mwalimu wa zamu asione tulivyopauka. Na tulikuwa na chemsha bongo. Siku hizi ukimuuliza kijana mji mkuu wa Malawi, anatafuta kwanza pa kuchajia simu. Sisi jibu ulikuwa nalo kichwani, au hukuwa nalo kabisa.

Timu yetu ilikuwa nalo kwenye kichwa kimoja tu, cha Eliza.

Tulikuwa wanne: mimi, Festo mwenye kigugumizi, Rehema binti wa mwenye duka, na Eliza. Festo aligonga sahani ya bati kwa kijiko, Eliza akajibu. Mimi na Rehema kazi yetu ilikuwa kukaa wima na kupiga makofi. Eliza alikuwa mtoto mwembamba, mpole, asiyecheza na mtu. Kabla ya kujibu aliinamisha macho na kusema, "Jibu lipo." Kisha analitoa taratibu, kama anayesoma kitu kilichoandikwa juu ya meza.

Mwanzoni alijibu swali likiisha. Baadaye akawa anajibu likiwa nusu. Halafu siku moja Mwalimu Kalinga, aliyekuwa akitunoa, alifungua mdomo tu, hajatamka neno, Eliza akasema, "Jibu lipo. Ziwa Rukwa."

Mwalimu aliitazama karatasi aliyoishika, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Umejuaje nataka kuuliza nini?"

"Mbona umeshauliza, mwalimu."

Sisi tulicheka. Mwalimu hakucheka, na kipindi kikaishia hapo.

Kila baada ya mashindano mikono ya Eliza ilikuwa ya baridi kama ya mtu aliyetoka kufua mtoni. Mama yake alimkalisha karibu na moto akamsugua viganja. Aliwahi kutuambia, "Wanangu, ng'ombe mmoja mnamkamua shule nzima. Na nyie someni." Tuliitikia, "Ndiyo, mama," tukarudi kwenye rede. Kusoma kwa ajili gani, na Eliza yupo?

Tulishinda kata, wilaya, mpaka mkoa. Fainali ikawa Mbeya. Safari ikiwa imekaribia, Eliza akashikwa na homa kali, akalazwa hospitali mjini Iringa. Tukapanda basi bila yeye. Njia nzima, Mafinga, Makambako, Chimala, hakuna aliyeimba.

Ukumbini walikuwa wamepanga viti vinne kwa kila timu, na cha nne hakuna aliyekuja kukiondoa. Kikabaki pale pembeni ya Festo, kitupu. Maswali ya kwanza tuliyasikiliza kama watu wanaosikiliza mvua. Timu ya wenyeji ilijibu, watu wakashangilia. Rehema alianza kulia kimyakimya.

Ndipo Festo akagonga sahani.

Nilimgeukia. Festo hata jina lake mwenyewe lilikuwa linamtoa jasho. Aliinamisha macho.

"Jibu lipo," akasema, bila kukwama popote. "Mto Songwe."

Ilikuwa sahihi. Swali lililofuata akajibu Rehema, machozi hayajakauka, naye alianza kwa "Jibu lipo." Kisha zamu ikanifikia. Sikumbuki swali. Nakumbuka mdomo wangu ulijaa uchungu wa kwinini, nami sikuwa nimekunywa dawa yoyote, na mikono ikanifa ganzi kwa baridi wakati ukumbi mzima watu walikuwa wanajipepea. Nilichosema nilikijua baada ya kusikia makofi. Ikawa hivyo mmoja baada ya mwingine, na mimi nikawa siwezi kukitazama kile kiti.

Swali la mwisho likatukuta kimya. Uchungu ulinitoka mdomoni ghafla. Festo alijaribu kusema kitu, kigugumizi kikamrudia. Lakini pointi zilikuwa zimeshatosha. Tulipewa mpira na kitabu kikubwa cha ramani. Mwalimu Kalinga alitupa mkono bila kutuangalia usoni.

Kesho yake tulishukia Iringa, tukaenda moja kwa moja hospitali. Mama Eliza alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya wodi. Tulimwamkia, hakuitikia shikamoo zetu.

"Mlikuwa mnamuuliza nini mtoto wangu?" akasema. "Jana mchana kutwa anajibu. Macho kafumba, anajibu tu. Muuguzi akasema ni homa imepanda kichwani. Mimi nikamwambia hapana, huyu kuna watu wanamuuliza. Mara akanyamaza, nikajua nimempoteza."

Hakumpoteza. Tuliingia tukamkuta Eliza ameketi anakunywa uji. Alitutabasamia. Rehema akamfungulia kile kitabu mapajani, na Eliza akakitazama jinsi mtu anavyochungulia nyumba ya watu asiowajua.

"Hii michoro ni ya nini?" akauliza.

Mwalimu alivua kofia yake. Mama akakichukua kitabu, akakifunga.

Eliza alirudi shuleni akawa mwanafunzi wa kawaida, wa katikati ya darasa. Akaanza kucheza rede, na kumbe alikuwa na kicheko kikubwa ambacho hakuna aliyekijua. Sasa analima nyanya na vitunguu Ruaha Mbuyuni, ana watoto wake. Mwaka jana nilikaa naye kwenye harusi, nikapata ujasiri wa kumuuliza kuhusu siku ile.

"Nakumbuka kidogo," alisema. "Nilikuwa nimechoka, nataka kulala, nyie mnaniita."

"Hatukukuita, Eliza. Tulikaa kimya tu."

"Mliniita. Tena kwa jina la nyumbani, lile alilonipa bibi. Shuleni sikuwahi kumwambia mtu."

Sikuliuliza jina hilo, na mpaka leo silijui.

Sasa mwanangu yuko timu ya chemsha bongo. Jioni anajilaza kwenye kochi, anaiuliza simu, simu inajibu, anaiuliza tena. Ikipata moto anaiweka pembeni ipoe, anakwenda kula. Namtazama, nasema moyoni afadhali yeye. Enzi zetu tulimuuliza mtu, na mtu akiitwa, huitika.